Usinunue seti ya vifaa vya matunda kabla hujapima tunda lako kwa rula

Dada, umeuliza kama ile seti ya vipande kumi na viwili vya kuandalia matunda inafaa, ukiwa na lengo la kukata matunda ya nyumbani kila siku na kutengeneza juisi ya kuuza mwisho wa wiki. Waliotangulia kujibu wamegawanyika: wengine wanasema nunua, wengine wanasema kisu kinatosha. Mimi nasema usinunue seti. Nunua vitu vinne au vitano, kimoja kimoja, na kila kimoja ukipime kwa tunda la soko lako, siyo kwa tunda lililochorwa kwenye boksi.

Vifaa hivi vimetengenezwa kwa kipimo kimoja, na hapo ndipo vingi vinapokwama. Matufaa ya dukani huchambuliwa kwa ukubwa kabla hayajafungwa, kwa hiyo yanakaribia kulingana, na ndiyo maana kile kigurudumu cha kukata vipande nane kinayamudu. Sasa nenda kwenye fungu la maembe pale sokoni: dodo kwa dodo hayalingani hata yakiwa yametoka mti mmoja, na bolibo vilevile.

Angalia mbuzi ya kukunia nazi. Ulimi wake wa chuma una ncha ya mviringo, meno yameizunguka ncha yote, unaingia ndani ya kifuu na kufuata ukingo wake mpaka nyama inaisha. Nazi iwe kubwa au ndogo, mkono ndio unaogeuza kifuu. Ulimi hauibani nazi wala hauilazimishi ilingane na chochote. Kifaa cha matunda kinachofanya kazi kwa namna hiyo kitakutumikia miaka mingi. Kinacholibana tunda ndani ya umbo lake kitakutumikia siku tunda likikubali.

Nianze na nanasi, maana kifaa chake ndicho pekee kwenye seti ninachoweza kukitetea kwa mtu anayeuza. Ni kile chenye mpini juu, bomba katikati, na bapa lililojizungusha chini kama parafujo. Kabla ya kulipa, pima upana wa lile bapa kutoka ukingo hadi ukingo. Vingi viko karibu na sentimita 9. Halafu kata nanasi moja la aina unayonunua siku zote, kata katikati kwa upana, upime nyama peke yake bila ganda wala macho. Ikiwa nyama ina sentimita 9 na nusu au 10, kifaa kimepata tunda lake. Ikiwa ina 12, kama yalivyo baadhi ya mananasi makubwa, fanya hesabu kwanza. Ukuta wa nyama utakaobaki kwenye ganda ni sentimita moja na nusu tu, na kwa macho unaonekana mdogo. Lakini eneo la duara linakwenda kwa upana mara upana: 9 mara 9 ni 81, 12 mara 12 ni 144. Umetoa zaidi kidogo ya nusu ya nyama, na iliyobaki yote imeng'ang'ania ganda. Itabidi uifuate kwa kijiko, na hapo muda uliouokoa umeurudisha. Kwa nanasi dogo tatizo linageuka: bapa linakula macho, na kila kipande kinatoka na vidoti vya kahawia vinavyochoma ulimi.

Likiwa la kipimo sahihi, sugua ganda kwa brashi na maji, kisha kata kichwa kama sentimita 2 chini ya majani. Simamisha nanasi kwenye sinia. Kabla ya kuingiza kifaa, kisimamishe pembeni mwa nanasi uone kitafika wapi ukibakiza sentimita 2 chini, na uweke alama ya kalamu kwenye bomba. Weka bomba juu ya kile kigogo cha katikati, kandamiza kidogo huku ukizungusha kufuata saa. Usisukume, bapa lenyewe linajivuta chini. Ukifika kwenye alama, simama. Ukipitiliza utatoboa kitako na juisi yote itamwagika kwenye sinia. Wakati wa kuvuta utahisi tunda limekuganda, na mpini wa plastiki huvunjikia hapo. Chanzo chake ni hewa: chini ya bapa hakuna pa kuingilia hewa. Inamisha kifaa upande kidogo hewa ipenye, ndipo uvute. Ganda na kigogo usitupe. Vichemshe na tangawizi, vitakupa kinywaji kizuri bila gharama ya ziada.

Kwa kisu, macho ya nanasi yamejipanga kwenye mistari inayopanda kwa mshazari. Menya ganda jembamba, macho yabaki yameonekana, kisha fuata mstari mmoja wa mshazari kwa kukata mfereji wa umbo la V, kina chake nusu sentimita hivi, macho matatu au manne kwa mkupuo. Ukimenya ganda nene mpaka macho yaishe, nyama tamu zaidi, ile ya pembeni, inaondoka na ganda.

Jambo jingine la nanasi, kwa sababu umesema utachanganya na maziwa. Nanasi bichi, yaani ambalo halijapikwa hata kama limeiva, lina kimeng'enya kinachovunja protini, ndicho kinachowasha ulimi ukila sana. Kwenye maziwa kinaendelea kufanya kazi ndani ya chupa, na baada ya muda kinywaji kinakuwa kichungu. Papai nalo lina cha kwake. Ama unywe papo hapo, ama uchemshe nanasi dakika chache upoze, kimeng'enya kife, ndipo uchanganye. Wateja wengi wanaolalamika kwamba maziwa yalikuwa mabovu walikunywa maziwa mazima yaliyokaa na nanasi bichi.

Embe. Kile kipasulio chenye vipini viwili na tundu refu katikati, achana nacho. Kinategemea kokwa iwe nyembamba na iliyonyooka, na kokwa za maembe yetu nyingi ni pana na zimepinda. Bapa linagonga kokwa, unaongeza nguvu, tunda linateleza, na mkono wako uko chini. Kisu kinafanya kazi hiyo kwa usalama ukijua kokwa imelalaje: embe lina pande mbili bapa, na kokwa imelala sambamba nazo. Simamisha embe, kikonyo juu. Weka kisu sentimita moja hivi kando ya kikonyo, shuka moja kwa moja. Ukisikia kisu kinakwaruza, umegusa kokwa. Sogea nje kidogo. Rudia upande wa pili. Unabaki na mashavu mawili na kokwa yenye ukanda mwembamba wa nyama.

Kutoa nyama kwenye shavu la embe lililoiva kunataka bilauri ya kioo tu. Shika shavu, weka ncha yake kwenye mdomo wa bilauri, ganda likiwa nje na nyama ndani, kisha sukuma chini. Ukingo wa bilauri unapita kati ya ganda na nyama, na nyama inadondoka ndani nzima. Ile bilauri nyembamba ya chai inafaa kuliko kikombe, kwa sababu ukingo mnene unabakiza nyama. Njia hii inashindwa kwa embe bichi, ambalo linataka kimenyeo, na kwa embe lenye kamba nyingi, ambalo halifai kukatwa vipande hata kidogo: hilo liponde, lipitishe kwenye chujio, liwe juisi. Kuhusu utomvu, ule unaotoka kwenye kikonyo unaunguza midomo na ngozi. Kata kikonyo, inamisha embe dakika kadhaa utomvu udondoke, osha, ndipo uanze.

Kimenyeo nunua kile chenye umbo la Y, ambacho bapa limekaa kwa upana, siyo kile kilichonyooka kama kisu. Cha Y unakivuta kuja kwako kwenye tunda kubwa la mviringo kama papai, na bapa linayumba lenyewe kufuata mbinuko. Shika kikiwa dukani, tikisa: bapa lisipoyumba kwa uhuru, kitakwangua badala ya kumenya. Papai likimenywa hivyo, mbegu zitoke kwa kijiko cha chuma cha kawaida, hakuna kifaa kinachohitajika zaidi ya hapo.

Kikamulio cha ndimu, hiki ndicho cha kulipia vizuri. Vile vya kubana kwa vipini viwili, watu wengi wanaviweka ndimu kinyume. Wanaona bakuli la kikamulio ni la mviringo, wanalaza ndimu na mgongo wake chini ili ilingane na bakuli. Sivyo. Upande uliokatwa unaangalia chini, kwenye matundu, na mgongo unaangalia juu. Ukibana, ndimu inapinduka, ndani inakuwa nje, na juisi inashuka moja kwa moja kwenye matundu. Ukiiweka kinyume, juisi inaruka pembeni na nusu yake inabaki.

Kipimo kinarudi hapa pia. Ndimu zetu ni ndogo, na kikamulio kilichotengenezwa kwa limau kubwa hakizifikii. Ndimu inabonyea tu chini bila kupinduka. Beba ndimu moja dukani ujaribu. Chungwa halina haja ya kifaa cha kubana. Linataka kile cha koni chenye mifereji, unachogandamizia nusu chungwa na kuzungusha. Zungusha mara nne au tano, acha. Ukiendelea kusugua mpaka ile ngozi nyeupe ya ndani, uchungu wake unaingia kwenye juisi na sukari haiuondoi. Mbegu pia usizisage kwenye blenda, ni chungu. Ndimu ngumu izungushe mezani chini ya kiganja, kwa uzito wa mwili, sekunde kumi, au iloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika moja; vijifuko vya ndani vinalainika na juisi inatoka kwa urahisi zaidi.

Epuka vikamulio vya alumini vilivyopakwa rangi. Asidi inaila rangi, vipande vinaanza kubanduka pale kwenye matundu, na vinaingia kwenye kinywaji. Chukua cha stenlesi, na uangalie msumari unaounganisha vipini: uwe umepita upande hadi upande na kugongewa, siyo umechomekwa tu. Na ukikamua ndimu nyingi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Juisi ya ndimu kwenye ngozi ikipigwa na jua inaunguza, inaacha malengelenge au mabaka meusi yanayokaa wiki kadhaa, na watu wanadhani ni mzio.

Pasheni ndipo blenda inapoharibu juisi. Mbegu nyeusi zikisagwa, juisi inapata rangi ya kijivu, ladha ya ukakasi, na vumbi jeusi linalotulia chini ya chupa. Lengo ni kuachanisha mbegu na ute wake, siyo kuzisaga. Kata pasheni kilo moja, toa ndani kwa kijiko, tia kwenye jagi na maji kikombe kimoja. Bonyeza kitufe cha kushtua (pulse), sekunde moja, achia. Mara tatu tu. Mimina kwenye chujio la waya na usukume kwa mgongo wa mwiko wa mbao mpaka mbegu zibaki kavu. Chujio la chai ni laini mno, linaziba. Tafuta lenye matundu ya karibu milimita moja. Kilo moja ya pasheni za zambarau inatoa karibu theluthi moja ya uzito wake kuwa juisi halisi, maji hayamo, kwa hiyo ukipanga bei panga kwa hesabu hiyo. Blenda yenye kasi tu bila kitufe cha kushtua, washa na kuzima kwa mkono. Au usiitumie, tumia upekecho kwenye bakuli refu, zungusha kati ya viganja dakika moja, matokeo ni yaleyale na mbegu hazivunjiki kabisa.

Upekecho huohuo ndio wa ubuyu. Ubuyu na ukwaju visiingie blenda na kokwa zake, ni ngumu kama mawe. Zinatafuna makali ya kisu na kupasua jagi la plastiki. Loweka kwenye maji ya vuguvugu, pekecha au kamua kwa mkono, chuja. Stafeli na mtopetope nazo hazisagwi na mbegu, kwa sababu nyingine kabisa: mbegu zake zina sumu. Kamua nyama kwa mkono kwenye chujio pana, hesabu mbegu zote zimebaki juu, ndipo nyama iende kwenye blenda na maziwa.

Parachichi: kile kifaa cha plastiki chenye kisu upande mmoja na meno matatu katikati ya kushikia kokwa kinalifaa Hass, lile dogo linaloiva kuwa jeusi, linalolimwa sana Njombe kwa kuuzwa nje. Parachichi kubwa la kijani la kienyeji lina kokwa kubwa, na yale meno yanateleza juu yake. Wala usichome kokwa kwa ncha ya kisu huku umeshika nusu tunda kiganjani. Watu wamekatwa mishipa ya vidole kwa kosa hilo. Shika nusu yenye kokwa, vidole viwili vya mbele kandokando ya kokwa, dole gumba nyuma ya ganda, sukuma. Kokwa ya tunda lililoiva inaruka yenyewe. Kuacha kokwa ndani ya nusu iliyobaki hakuzuii kuwa nyeusi, kunalinda pale tu ilipofunika. Paka ndimu na ufunike kwa nailoni iliyogusa nyama yenyewe, hewa isibaki kati.

Tikiti linataka kisu kirefu kuliko upana wake, basi. Kile kigurudumu kinachokata vijiti kinafanya vizuri kwenye tikiti lisilo na mbegu, la mbegu kinaburuta. Kikata ndizi, kitoa kokwa za cheri, kikata stroberi: hivyo ndivyo vinavyofikisha idadi kumi na viwili. Komamanga lipasue ndani ya bakuli la maji, ponyoa kwa vidole. Punje zinazama, utando unaelea, unauondoa kwa chujio. Fenesi, paka mafuta ya nazi kwenye kisu na mikono kabla hujaanza, na utomvu ukishika futa kwa mafuta tena kisha sabuni, maji matupu yanaugandisha tu.

Kisu chenyewe. Kidogo cha bapa la sentimita 9 au 10, stenlesi, kwa maana chuma cha kawaida kinakuwa cheusi kwenye asidi na kinaacha ladha kwenye tunda. Kingine chenye meno kwa ganda gumu. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu na kinateleza kwenye ganda. Ukikosa jiwe la kunolea, geuza kikombe cha kauri, tafuta ule ukingo wa chini usiopakwa rangi ya kung'aa, upitishe bapa likiwa limelala karibu, nyuzi 15 hadi 20, mara kumi kila upande, bila kukandamiza. Ubao wa matunda uwe wake peke yake, usishirikiane na nyama wala kitunguu. Chini yake tandika kitambaa kibichi, hautasogea.

Kwa kuwa unauza, osha kila tunda kabla ya kulikata, hata lile ambalo ganda linatupwa. Kisu kinapopita kwenye ganda chafu la tikiti kinaingiza uchafu ndani ya nyama. Na usiyaone matunda yote ni sawa: nanasi, pasheni na chungwa vina asidi inayozuia wadudu wasizaliane haraka, tikiti na papai hazina asidi ya kutosha, zikikatwa ni chakula chao. Vipande vya tikiti na papai vikae kwenye friji chini ya nyuzi 5, na vikikaa nje kwa joto zaidi ya muda wa saa mbili usiviuze. Barafu iwe ya maji yaliyochemshwa.

Kwa blenda, jagi la kioo linafaa kuliko la plastiki kwa mtu wa kila siku, kwa kuwa plastiki inachubuka na michubuko inashika harufu. Tanguliza maji, kisha matunda laini, kisha magumu, usipite theluthi mbili za jagi. Dakika moja, pumzisha. Harufu ya mpira kuungua inatoka kwenye kile kigurudumu cha chini kinachoshikana na mota. Kinalika kwanza kabla ya mota na fundi anaweza kukibadilisha, usitupe blenda. Na kila jioni ya mauzo fungua kitako cha jagi, toa ile pete ya mpira, igeuze uangalie upande wa ndani. Kama kuna weusi au utelezi, juisi ya kesho itachacha kabla ya mchana hata kama matunda ni ya asubuhi hiyo. Isugue kwa mswaki na sabuni, isuuze kwa maji ya moto, iache ikauke nje ya jagi usiku kucha.